Daftari langu la mkopo na ubishi wa shibe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nitakuwa mrefu kidogo. Nilikuwa mwalimu, na mwalimu ukishampa chaki huwezi kumnyang'anya.

Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua ya msomaji wa Unguja aliyesema watu wa visiwani tunanenepa kwa sababu ya wanga. Wali, muhogo, mkate wa boflo, vyote alivitia kapu moja. Dawa yake ni tuache wanga, tule mafuta kwa wingi, kwa kuwa "mafuta yanashibisha, wanga unaita njaa". Wiki iliyofuata akajibiwa na bwana mmoja aliyesema kinyume chake kabisa, kwamba mafuta ndiyo adui na mtu akila vyakula visivyo na mafuta hatosikia njaa mpaka jioni. Barua zote mbili zilisomwa kibandani kwangu kwa sauti. Nina mteja mmoja ambaye hununua gazeti na wenziwe wanane hulisikiliza, jambo ambalo wewe Mhariri hutolifurahia, lakini mimi linanijazia mabenchi.

Ukazuka ubishi. Mchukuzi mmoja akasema: "Mimi chapati mbili zinanifikisha saa nne. Muhogo unanifikisha adhuhuri, na wa kuchemsha hauna mafuta hata tone. Huyo wa Unguja anakula wapi?" Mwenziwe akamjibu kwamba siku aliyokula biriani ya harusi hakutamani kitu mpaka asubuhi ya pili yake, na biriani ile samli ilikuwa ikimtiririka mpaka kwenye kiwiko. Wakanigeukia: "Mwalimu, sema."

Nilifundisha Baiolojia skuli ya sekondari hapa Pemba miaka 27. Nilipostaafu nikafungua kibanda cha chai Wete, njia ya kuteremkia bandarini. Nauza chai ya rangi na ya maziwa, chapati, maandazi, muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu, kunde, na samaki akipatikana. Wengi wa wateja wangu hula kwa mkopo, nami nina daftari. Katika daftari sikuandika jina na deni tu. Nilijifunza mapema kwamba mtu akishashiba husahau alichokula, kwa hiyo naandika na kitu alichokula na saa aliyokula. "Fulani, chapati 2, chai ya maziwa 1, saa 1 na dakika 10." Akija mwisho wa wiki kunibishia, namfunulia ukurasa.

Sikulianzisha daftari hilo kwa ajili ya elimu. Lakini mwaka jana bei ya mafuta ya kula na ya unga wa ngano zilipanda pamoja, nikaona chapati hainilipi, nikaacha kupika chapati na maandazi kwa wiki 3. Wateja walinuna. Nikawapa muhogo, viazi vitamu na kunde, na siku mbili tatu dagaa. Mwisho wa wiki ya kwanza nilipokaa kujumlisha madeni nikaona kitu: mistari ya saa nne imepungua. Katika watu 14 ambao huja kila siku ya kazi, kawaida 9 au 10 walikuwa wakirudi saa nne kuchukua andazi na kikombe cha pili. Wiki zile walirudi 3 au 4, na mmoja wao najua hurudi kwa ajili ya maneno tu.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni karani na hula hapo hapo kwa mkopo, akanitia kasoro papo hapo. "Mwalimu, labda hawakurudi kwa sababu hapakuwa na andazi la kurudia." Nilifurahi kuona sikupoteza miaka yangu bure. Kasoro ni ya kweli. Kwa hiyo chapati ziliporejea niliviweka vyote mezani, mtu achague, nikaangalia saa. Walioanza na muhogo na dagaa, au kiazi kitamu na kunde, walirudi kwa uchache. Wa chapati na chai ya maziwa walirudi kama zamani. Huo si utafiti. Ni kibanda kimoja, watu wenyewe ndio waliochagua, na anayekula muhogo pengine ni yule asiye na fedha ya saa nne. Ila uliniwasha, nikarudi kwenye vitabu.

Kosa la wasomaji wenu wawili, kwa nionavyo, ni moja. Wote wanauliza kipi kinashibisha. Hawaulizi kinashibisha lini.

Kuna shibe ya kukuondoa kwenye sinia, na kuna shibe ya kukufikisha mlo mwingine. Ya kwanza ndiyo inayoamua umekula kiasi gani, kwa sababu ukishanawa mikono chakula kimeshaingia, hakirudi. Na shibe hiyo ya sinia, mafuta yanaijua kidogo sana.

Nitaeleza kama nilivyokuwa nikiwaeleza Kidato cha Tatu. Chakula kikiingia, kuta za tumbo hutanuka, na neva ya vagasi hupeleka habari ubongoni kwamba mzigo unajaa. Habari hiyo ni ya ujazo. Neva haina mizani ya kalori. Inajua kwamba kuna kitu kingi kimeingia, chenye maji, chenye nyuzinyuzi, chenye uzito. Chuo cha Kurani tulifundishwa tumbo ligawiwe theluthi ya chakula, theluthi ya maji, theluthi ya pumzi, na ukitazama utaona ni ujazo uliotajwa pale. Sasa chukua mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu moja ya wanga ina 4, na ya protini 4. Mafuta hayana maji, hayana nyuzinyuzi, hayachukui nafasi. Yanaingia ndani ya chapati kama mtu asiyelipa nauli anavyoingia garini: gari haionekani kujaa, lakini matairi yanajua.

Niichukue chapati yangu mwenyewe, maana nimekuwa nikiificha hesabu hii hata kwangu. Kilo moja ya unga inanipa chapati 12. Kwa kilo hiyo natumia robo lita ya mafuta, ya kukanda, ya kukunjia na ya kukaangia. Robo lita ya mafuta ni kalori kama 2,000. Kila chapati basi imebeba zaidi ya kalori 160 za mafuta matupu, na gramu 100 za wali mweupe uliopikwa zina kalori kama 130. Maana yake anayekula chapati zangu mbili amekula unga wake, na juu yake amekula sahani ya wali ambayo hakuiona, hakuitafuna na tumbo lake halikuihesabu. Hakuna hata siku moja mteja aliniambia, "Mwalimu, leo umezidisha mafuta, nimeshiba mapema." Huniambia, "Leo laini, ongeza moja."

Laini. Hapo pana jambo jengine. Mafuta yanatelezesha. Muhogo mkavu unautafuna, unanywa chai, unautafuna tena. Mkate wa mofa wa mtama unakupa kazi ya taya mpaka unahema. Chapati inateleza yenyewe. Wali wa nazi nao ni hivyo: pika wali mweupe, watu wataulizia mchuzi, pika wa nazi kwa tui la kwanza, utaisha kabla kitoweo hakijafika. Na kasi ni kitu kikubwa, kwa sababu ujumbe wa pili wa shibe unachelewa.

Ujumbe huo wa pili ndio wa mafuta, na hapa msomaji wa Unguja ana haki yake. Mafuta na protini vikifika kwenye utumbo mdogo, chembe za ukutani humwaga homoni iitwayo kolesistokinini. Ilijulikana tangu 1928 kwa kazi yake ya kukamua kibofu cha nyongo, na mwaka 1973 watafiti Gibbs, Young na Smith wakaonyesha kwamba panya wakipewa homoni hiyo hula kidogo. Homoni hiyo inaliambia tumbo lipunguze kasi ya kumwaga chakula, na inauambia ubongo basi. Kwa hiyo si uongo kwamba mafuta yanashibisha. Yana barua yao. Lakini barua hiyo lazima kwanza mafuta yashuke mpaka utumboni ndipo iandikwe. Mtu anayewahi gari ya kwenda mji wa Chake Chake saa moja na robo anamaliza chapati mbili kwa dakika sita. Barua bado haijatiwa stempu na yeye keshapanda gari.

Na huyu wa biriani? Mteja wangu hakudanganya. Hakusikia njaa mpaka asubuhi. Ila mwulize alikula nini: biriani yenye samli, nyama, vitunguu vya kukaanga, kisha soda, kisha halua. Aliingiza katika mlo mmoja chakula cha siku nzima. Akishiba mpaka asubuhi hajapata faida yoyote, amelipa mbele tu.

Kiswahili chetu kimeyatangulia mambo haya, na nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wasidharau lugha yao. Tunasema nimeshiba, tunasema nimekinai, tunasema nimevimbiwa, na si maneno matatu ya jambo moja. Kushiba ni kwa tumbo. Kukinai ni kwa ulimi: mtu amekinai halua, hawezi hata kuitazama, lakini mletee korosho za chumvi ataendelea kama hajala. Mwaka 1981 Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford waliandika juu ya jambo hilo hilo, kwamba mtu akila chakula kimoja mpaka akatosheka, hamu yake kwa chakula kile hushuka zaidi kuliko hamu yake kwa vyakula ambavyo hakuvigusa. Bibi yangu hakusoma Oxford, lakini futari yake ilikuwa na vitu viwili tu na hakuna aliyevimbiwa. Futari zetu za siku hizi zina muhogo wa nazi, sambusa, katlesi, tambi, kaimati, visheti na juisi ya ukwaju, na kila ulimi ukikinai hiki unapata kile. Kuvimbiwa sasa ndiyo ile barua ya utumbo, imefika wakati watu wako tarawehe.

Kuna utafiti mmoja ambao ningependa wasomaji wenu wawili waukalie pamoja. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, waliwapa watu vyakula 38 tofauti. Kila chakula kilipimwa kiwe na kalori 240, si zaidi si pungufu. Kisha kwa muda wa saa 2 waliwauliza wameshiba kiasi gani. Boflo nyeupe wakaipa alama 100 iwe kipimo, vyengine vikalinganishwa nayo. Kilichoongoza ni viazi mbatata vya kuchemsha: 323. Kilichoshika mkia ni kroasani, ule mkate wa Kifaransa wa siagi: 47. Samaki alipata 225.

Tazama vizuri. Mbatata ni wanga. Boflo ni wanga. Kroasani ni wanga na mafuta. Anayesema wanga unaita njaa aeleze mbatata ilipataje mara tatu ya boflo. Anayesema mafuta yanashibisha aeleze kroasani. Walichokiona wale watafiti ni kwamba kwa kalori zile zile, chakula kizito cha mizani, chenye maji, nyuzinyuzi na protini, kilishibisha zaidi, na kadiri mafuta yalivyozidi ndivyo shibe ilivyopungua. Kalori 240 za mbatata ni sahani iliyojaa. Kalori 240 za chapati yangu ni nusu chapati. Nani kati yenu ameshiba kwa nusu chapati?

Muhogo haukuwamo katika vyakula vile, wala shelisheli, na sitowapa alama ambazo hawakupewa. Nasema tu kwamba viko upande gani wa meza naweza kuona kwa macho.

Sasa nimtoe mkwe wangu, maana ataisoma barua hii na atajijua. Yuko Chake, ni kijana wa ofisini, alianza kunenepa, akaona kwenye simu watu wanaoacha wanga. Akaacha. Mayai asubuhi, nyama au samaki mchana, siagi, parachichi, hakuna wali, hakuna boflo. Nilimcheka, lakini haki yake nimpe: alisema njaa imepungua, na alipungua kweli mwili. Nilimwambia, mwanangu, usiyasifu mafuta peke yake, angalia ile protini: samaki mzima mchana na mayai matatu asubuhi, nani asishibe? Na pia umeacha maandazi, soda na biskuti, vitu ambavyo havina hata nafasi ya kushibisha. Alikaa hivyo miezi miwili. Mwezi wa tatu binti yangu akamkuta jikoni saa tano usiku amekaa kwenye kibao cha mbuzi, sufuria mapajani, anakwangua ukoko wa wali wa nazi. Ukoko, Mhariri! Wanga uliokauka na kujazwa mafuta ya nazi. Simlaumu. Mimi nimezaliwa nikigombania ukoko na kaka zangu.

Yeye ndiye aliyenitumia habari ya utafiti wa Marekani, akidhani utamtetea. Mwaka 2021 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo waliwaweka watu 20 hospitalini wiki 4, chakula chote kikitoka jikoni kwao. Wiki 2 walikula mlo wa mimea wenye mafuta machache sana na wanga mwingi, wiki 2 nyengine mlo wa nyama na mafuta, wanga kidogo sana. Kila mtu ale atakavyo, hakuna wa kumzuia. Katika mlo wa wanga mwingi walikula pungufu kuliko katika ule wa mafuta, kwa wastani wa kalori 689 kwa siku, na njaa hawakusema imezidi. Mkwe wangu akanyamaza siku mbili. Kisha akanirudishia ukurasa ule ule: huo mlo wa wanga ulipandisha sukari kwenye damu zaidi baada ya kula kuliko ule wa mafuta. Naam, ni kweli, na ndiyo maana namwambia kila mteja wangu mwenye ugonjwa wa sukari asinifanye mimi daktari. Shibe ni hesabu moja, sukari ya damu ni hesabu nyengine, na muhogo wangu hauna cheti cha kutibu.

Nimejiuliza, basi, ikiwa mbatata inashibisha na nyama inashibisha, kwa nini sisi tunakula mpaka tunavimbiwa? Jibu liko kwenye sinia la vitafunwa, na sitaki kulizunguka. Ni pale wanga na mafuta vinapokutana. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Dana Small wa Chuo Kikuu cha Yale, pamoja na wenzao wa Ujerumani, waliwaonyesha watu picha za vyakula vya mafuta, vya wanga, na vya vyote viwili pamoja, wakawapa fedha wavinunue kwa mnada. Watu walikuwa tayari kulipa zaidi kwa vyenye vyote viwili, ingawa kalori zilikuwa sawa na walisema wanavipenda sawa. Ubongo nao uliwaka zaidi. Mimi hilo ningewaambia bure. Kiazi kitamu cha kuchemsha nakiuza kwa bei ndogo na bado watu huniomba nipunguze. Andazi ni unga, sukari, tui na mafuta ya kukaangia, na sijaona mtu akilipigania bei. Halua yetu, ukiipasua, ni wanga, sukari na samli, na watu huvuka bahari nayo. Ukitafuta porini au shambani chakula chenye wanga mwingi na mafuta mengi pamoja utahangaika: nazi ina mafuta, muhogo una wanga, na aliyevikutanisha ni sisi, na kifumbu na jiko.

Sisemi tuvitenganishe. Mimi ni Mpemba, nitazikwa nikinuka tui. Muhogo wa nazi kwa papa mkavu ni chakula ambacho sitokitolea udhuru kwa mtu. Lakini nimebadilisha vitu viwili kibandani, na nimeviona kwenye daftari.

La kwanza, kunde na muhogo vinatangulia. Anayetaka chapati aipate, ila kwanza nampa kibakuli cha kunde zenye mchuzi wake, bila kumuuliza, kwa bei ile ile ya chapati ya pili ambayo angeinunua. Wengi hawaifikii ya pili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Flood na Rolls yule yule, mwaka 2007 waliona kwamba kuanza mlo kwa supu kulipunguza jumla ya kalori za mlo ule kwa kama asilimia 20, na mchuzi wa kunde si mbali sana na supu. Wachumaji karafuu ndio wa mwanzo kuupenda. Mtu anayepanda mkarafuu hataki tumbo zito la mafuta linalomsinzisha juu ya tawi, wala hataki njaa saa nne akiwa mbali na kibanda. Waliniambia hivyo kwa maneno yao kabla mimi sijawaeleza kitu.

La pili, nimepima mafuta. Siku nyingi nilikuwa nikimimina kwa mkono, kama mama yangu. Sasa natumia kijiko. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ni kalori kama 120. Chapati zangu zimepungua mafuta kwa theluthi, na aliyegundua ni mmoja tu, naye ni yule anayerudi saa nne kwa ajili ya maneno.

Na hapa, Mhariri, ndipo ninapokuja kwako mwenyewe. Gazeti lako lina safu ya mapishi kila mwisho wa wiki. Naisoma, na mara nyengine napika kutoka humo. Unga umepimwa kwa gramu. Sukari kwa vikombe. Iliki zimehesabiwa moja moja. Ikifika kwenye mafuta mnaandika "mafuta kiasi". Tui nalo "kiasi". Kiasi cha nani? Cha mwandishi wa safu mwenye familia ya watu wanne, au cha mimi mwenye wachukuzi 14? Kitu chenye kalori nyingi kuliko vyote jikoni, na ambacho tumbo halikipimi, ndicho hicho mlichokiachia mkono wa mpishi ukipime. Andikeni vijiko. Kama mapishi yanataka vijiko 15 vya samli, andikeni 15, msione haya; msomaji ataamua mwenyewe apike au asubiri harusi.

Kuhusu wasomaji wenu wawili, sina ugomvi nao. Huyo wa Unguja akifika Wete nitampa mayai na samaki asitie muhogo akitaka. Huyo wa pili nitampa kiazi kikavu na chai ya rangi. Nitaandika saa walizokula, na nitaandika saa watakazorudi. Ila waje mapema, kabla ya saa tatu. Baada ya hapo muhogo huwa umekwisha na zimebaki chapati tu.

Mwalimu mstaafu na muuza chai,
Wete, Pemba